Mshumaa wa Pembeni mwa Kioo

Wasomaji waliowahi kupita seminarini kwetu Jumapili mchana wanakijua chumba cha kompyuta kilicho nyuma ya bwalo: mashine sita za zamani tulizopewa, mapazia mazito ya kijani, na kelele za watoto wa Utoto Mtakatifu baada ya Misa. Sisi mafrateri watatu wa falsafa ndio tunaokiangalia chumba hicho. Tumechelewa kuandika haya kwa sababu mwanzo wake unatuaibisha.

Watoto wanapenda mchezo mmoja kuliko yote. Mchungaji anazunguka nyikani akimtafuta kondoo aliyepotea, mbwa mwitu wanamfuata, na juu pembeni mwa kioo kuna mshumaa unaowaka. Mchezo uliandikwa kwa lugha ya Java na frateri aliyetutangulia, nao unachezwa ndani ya kivinjari. Programu za namna hiyo huitwa apleti, na zilivuma baada ya Sun Microsystems kuitangaza Java mwaka 1995. Siku hizi vivinjari vipya havizikubali. Chrome iliziacha mwaka 2015, Firefox mwaka 2017. Mashine zetu zina kivinjari cha zamani na hazina intaneti, basi mchezo umeendelea kuishi kwetu kama babu aliyebaki kijijini wakati wenzake wamehamia mjini.

Ila picha yake ilipepesa. Nyeupe, picha, nyeupe, picha, bila kutulia. Feni za mashine zilinguruma kama mashine ya kusaga. Tulizoea. Tena tulikuwa tunafunga mapazia ili watoto waone vizuri zaidi.

Jumapili moja mama mmoja wa parokia alitusubiri mlangoni, amemshika binti yake mkono.

“Frateri, hivyo vioo vyenu vinamulikamulika. Huyu mtoto ana kifafa. Nimemtoa.”

“Pole mama, ni mashine za zamani tu,” mmoja wetu akajibu, na sisi wengine tukatikisa vichwa kukubali.

“Za zamani, sawa. Lakini mwanangu hatakaa humo.”

Akaondoka. Binti aligeuka mara mbili kuangalia nyuma.

Jibu letu lilikuwa la kumaliza maongezi. Hatukujua kama ni mashine au ni nini, maana hatukuwahi kutazama. Jioni tulimwuliza Sista wa zahanati. Akasema si kila mwenye kifafa husumbuliwa na mwanga unaowaka na kuzima haraka, lakini wapo ambao mwanga huo huwaletea degedege. Baada ya hapo hakuna aliyetaja tena uzee wa mashine. Tulimwomba Baba Gambera saa ya mapumziko ya kila jioni kwa wiki nzima, akakubali, kwa sharti kwamba tusichelewe Sala ya Usiku.

Jioni ya kwanza tulihesabu tu. Tuliongeza mistari miwili kwenye programu, mmoja wa kuhesabu kila mara picha inapoombwa kuchorwa upya, mwingine wa kuhesabu kila mara inapochorwa kweli. Hapa tueleze kidogo. Katika Java amri ya “repaint” haichori chochote. Inapeleka ombi, na Java yenyewe huchora pale inapopata nafasi. Maombi mengi yakifuatana upesi, huweza kuyaunganisha yakawa mchoro mmoja. Tulikuwa tumetoka kusoma tofauti ya uwezekano na utendaji kwa Aristotle, tukacheka kwamba Padre wa metafizikia angefurahi. Kicheko kilikatika tulipoona hesabu. Mchungaji amesimama, hakuna aliyegusa kibodi, na maombi yalikuwa mamia kila sekunde. Michoro ilikuwa pungufu, lakini nayo mamia.

Chanzo cha kwanza kilikuwa wazi mno hata tukaona haya. Mwishoni mwa “paint”, yaani sehemu inayochora, palikuwa na mstari wa “repaint”. Kila mchoro ulipomalizika uliomba mchoro mwingine, na huo nao ukaomba mwingine, bila mwisho. Tuliufuta. Picha ikaganda, kwa kuwa mwendo wote wa mchezo ulitegemea mzunguko ule. Ikabidi tuandike uzi mmoja wa kuendesha mchezo: usogeze kila kitu, uombe mchoro, ulale milisekunde 40, urudie. Hiyo ni michoro isiyozidi 25 kwa sekunde, nayo inatosha kabisa kwa kondoo. Na kwa kuwa kila mbwa mwitu alikuwa na uzi wake uliokuwa ukiomba kioo kizima kichorwe kwa ajili yake peke yake, tuliwanyang'anya wote.

Feni zikapoa. Kupepesa kukabaki.

Hilo lilitugharimu jioni mbili na ugomvi mmoja ambao hatutausimulia. Jambo lenyewe ni kwamba ombi la “repaint” halifiki “paint” moja kwa moja. Linapitia “update”, na kazi ya kawaida ya “update” ni kupaka eneo lote rangi ya nyuma kwanza, kisha ndipo iite “paint”. Rangi yetu ya nyuma ilikuwa nyeupe na nyika ni ya kahawia iliyokolea. Ule weupe aliouona yule mama ulikuwa ufutaji, mara kwa mara, mbele ya macho ya mtoto.

Tukaiandika “update” upya ili isifute, iite “paint” tu. Kupepesa kukaisha, lakini kila mchungaji alipotembea aliacha nyuma yake msururu wa wachungaji. Kumbe kufuta kunahitajika, ila kusionekane. Dawa yake inajulikana tangu zamani: unachora kila kitu kwenye picha iliyofichwa kwenye kumbukumbu ya mashine, ukiisha kumaliza unaihamishia kwenye kioo kwa mkupuo mmoja. Mwenye kutazama haoni hatua za katikati. Tulijaribu pia kuomba sehemu iliyobadilika tu badala ya kioo kizima, tukapata vipande vya mbwa mwitu vikielea hewani, kwa sababu tuliomba mahali alipofika tukasahau mahali alipotoka. Kosa hilo lilitufurahisha zaidi ya yote, sijui kwa nini tuseme hivyo, pengine kwa kuwa kufikia hapo tulikuwa tunacheka pamoja tena.

Jioni ya mwisho tulisimamisha uzi wetu kabisa ili tuhakikishe hesabu inabaki sifuri. Haikubaki. Kitu kiliendelea kuomba. Tulisoma programu mstari kwa mstari hadi kengele ikalia, tukaomba dakika tano kwa Baba Gambera aliyekuwa akipita barazani, na ndani ya dakika hizo tukauona: mshumaa. Ilikuwa picha ya GIF yenye mwali unaocheza, nayo ilichorwa kwa kuupa mchezo wenyewe kazi ya kuisubiri. Kila mwali ulipobadilika, Java iliomba mchoro upya. Tuliweka mahali pake picha ya mshumaa uliotulia. Sifuri.

Jumapili iliyofuata tulifungua mapazia. Mama yule tulimwendea sisi baada ya Misa, tukamwambia kwamba hazikuwa mashine, lilikuwa kosa ndani ya mchezo, na kwamba tulimjibu bila kujua. Hatukumwambia kuwa sasa ni salama, maana sisi si madaktari. Akaja kutazama mwenyewe, peke yake, akasimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

Ilipita wiki mbili. Alikuwa amemwuliza daktari wa kliniki ya binti yake, akaambiwa amjaribishe kwa muda mfupi, chumba kiwe na mwanga, kiti kiwe mbali na kioo. Basi tulisogeza kiti, na mama akasimama nyuma akiwa ameweka mkono begani kwa mtoto. Binti alimpata kondoo wa kwanza, akampata wa pili. Kisha akasimama kucheza, akanyoosha kidole juu pembeni mwa kioo.

“Frateri, mbona mshumaa hauchezi tena?”