Stesheni ya Saba

Mwezi wa Agosti 2017 mume wangu, ambaye ni askari tangu ujana wake, alilazwa katika hospitali moja mjini Cairo ili apasuliwe mguu. Nilimfuata pamoja na binti yetu wa miaka tisa. Tulipanga chumba karibu na stesheni ya Hadayek El Maadi, na kila asubuhi tulipanda metro, ile treni ya mjini iliyofunguliwa mwaka 1987, ya kwanza ya namna yake barani Afrika.

Siku ya kwanza nilimwendea mzee mmoja nikamtajia Sadat, mahali pa kubadilisha treni. Akanyosha vidole, akasema, "Saba." Moyo ukatulia. Kumbe hesabu yetu na huku inasemwa! Tangu hapo binti yangu alihesabu stesheni kwa sauti, na treni ilipozama ardhini baada ya Sayeda Zeinab tulijua tumekaribia.

Tikiti ilikuwa kikaratasi cha pauni mbili, uende karibu au mbali, na ole wako ukitupe, maana lango la kutokea hukidai tena. Ili kujua treni iendako, husoma jina la stesheni ya mwisho. Mabehewa ya katikati ni ya wanawake. Mwanamume akijitia humo, akina mama humtoa kwa maneno yasiyohitaji mkalimani.

Mume wangu alikuwa ametupa amri moja: "Mkitengana, atakayeachwa asimame pale pale. Atakayechukuliwa ashuke stesheni ifuatayo, arudi." Nilicheka, nikamwambia kwamba sisi hatuendi doria.

Wiki ya pili, pale Sadat, tulisukumwa na umati tukiingia treni ya kuelekea Shubra El Kheima. Kiganja cha mtoto kikaniponyoka. Mlango ukafungwa. Nilimwona kupitia kioo, mdomo wazi, bila kumsikia. Sijui nilipiga kelele kwa lugha gani. Mama mmoja alinishika bega mpaka Mohamed Naguib, nikashuka, nikapanda ngazi na kushuka ng'ambo kama mwendawazimu, nikingojea treni ya kurudi. Dakika zile sitaki kuzipima.

Nilimkuta pale pale, kati ya wanawake wawili wasiomjua, amezikunja tikiti zetu kiganjani.

"Ulilia, mwanangu?"

"Nililia, Mama, lakini sikusogea."

Hospitalini mume wangu alitusikiliza hadithi yote bila kunena, akimtazama bintiye. Kisha akageuza uso ukutani kitambo kirefu. Alipoturudia aliuliza chakula chake kiko wapi, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kikapu nilikiacha ndani ya treni, kimekwenda zake Shubra.