Bendera za Hariri Madhabahuni

Bendera za kwanza tulizopeperusha kanisani kwetu Dar es Salaam zilikuwa za satini ya Kariakoo: nyekundu, zambarau, nyeupe, na ile ya dhahabu ambayo haikukosekana. Fundi cherehani alikunja pindo, akashona mfuko ubavuni, nasi tukapitisha ufito wa mbao uliopigwa msasa. Wazee waliona ni michezo tu, mpaka mchungaji alipowafungulia Zaburi ya 20, inayotaja bendera. Zilikaa zote kwenye ndoo moja; aliyewahi alichomoa yoyote. Zikichafuka, zilitiwa kwenye beseni la sabuni ya unga na kuanikwa juani.

Satini ina raha yake. Inataka nguvu za bega, na katika nyimbo za kasi huchapa hewa kwa mlio ninaoupenda mpaka leo. Lakini waimbaji wakishusha sauti na kuingia kwenye kuabudu, ukiipunguzia mwendo inaning'inia tu. Tulisimama pembeni, bendera chini, tukingoja kasi irudi.

Hariri ndiyo iliyotupa kazi katika nyimbo za taratibu. Ya kwanza aliileta mshirika mwenzetu aliyerudi kutoka Marekani, ambako wapo wasanii wanaochora bendera za ibada kwa mkono. Mchoraji huwamba hariri nyepesi iitwayo habotai kwenye fremu, huchora mipaka kwa gundi inayozuia rangi kuvuka, kisha hugusisha brashi na kuiacha rangi itambae yenyewe kwenye nyuzi. Akinyunyiza chumvi juu ya rangi mbichi, kila chembe hufyonza unyevu na kuacha alama kama nyota. Mwisho rangi hukazwa kwa mvuke au kwa pasi, kutegemea aina yake.

Zamani tulichagua kwa rangi. Siku hizi naanza na uzito. Hariri hupimwa kwa momme, na momme moja ni kama gramu 4.3 kwa mita ya mraba. Ya momme 5 hubaki angani hata mkono ukipita polepole. Ya momme 8 ni nzito kidogo na hustahimili zaidi mikono ya vijana. Kisha naangalia ufito: napenda unaopinda kidogo, kwani ulio mgumu huikokota hariri badala ya kuibeba. Mchoro wenye vitu vidogo vidogo siuchukui, hata ukiwa mzuri namna gani. Aliyeketi viti vya nyuma haoni ua. Anaona rangi zikitembea.

Matunzo ndiyo yaliyotubadilisha hasa. Dawa ya klorini huharibu hariri, jua hudhoofisha nyuzi na kupausha rangi, jasho huacha madoa. Basi kila mchezaji sasa ana bendera zake, naye huvua pete na kupiga tupa kucha kabla ya kuzishika. Huziosha kwa maji baridi na shampuu kidogo bila kukamua, maana hariri iliyolowa hupungua nguvu. Huzikausha kwa taulo, huzipiga pasi ya moto mdogo zikiwa bado na unyevu, kisha huziviringisha kwenye ufito.

Satini hatukuitupa. Mikutano ya uwanjani ni yake, kwa sababu upepo huisokota hariri ufitoni na jua la saa nane halina huruma na rangi. Vikundi vinavyoanza nikiulizwa navishauri vinunue satini kwanza, vijifunze bega, halafu vitafute hariri moja ya momme 5 na kumkabidhi mchezaji mwenye subira kuliko wote.