Ndege ya Vita Mkononi mwa Mtoto

Sisi tukaao mitaa ya Eastlands hatuna haja ya kuinua macho ili tujue kuwa ndege inapita. Kambi ya jeshi la anga ya Moi iko Eastleigh, kiwanja cha kimataifa cha Jomo Kenyatta kiko Embakasi, na baina yake zimejipanga Buruburu, Umoja na Donholm. Si ajabu basi kwamba mwanangu wa miaka 14 amependa ndege kuliko mpira. Mwaka huu, baada ya kuweka akiba ya Idi mbili na kuongezewa na mjomba wake wa Mombasa, aliniomba ruhusa anunue ndege ndogo ya rimoti iendayo kwa betri. Hakutaka ndege yoyote tu. Alitaka ya kivita: Spitfire ya Waingereza.

Wazazi wenzangu mtanielewa nikisema kuwa nilisita. Mchezo wenyewe haukunitia wasiwasi. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, na katikati yao farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa, Mtume (s.a.w.) alipomuuliza, alijibu kuwa Nabii Sulaiman alikuwa na farasi wenye mabawa, naye Mtume akacheka. Kilichonisumbua ni lile neno vita. Nikaona nisikatae wala nisikubali kabla sijaelewa kinachoombwa, nikampigia kaka yangu simu. Yeye ni fundi wa umeme, na alikuwa akirusha ndege za namna hii alipofanya kazi Muscat.

Kaka aliitoa Spitfire orodhani kwa sababu ya umbo lake. Ndege ya kujifunzia, alisema, ina bawa juu ya kiwiliwili, na uzito unaning'inia chini yake. Mtoto akibabaika na kuachia vijiti, huelekea kujisawazisha yenyewe. Ndege ya kivita ina bawa chini, nayo imeundwa ipinduke upesi. Ukiilaza upande, hubaki imelala hadi uiinue. Isitoshe, bawa la Spitfire huchongoka kuelekea ncha. Ikipunguzwa mwendo mno kwenye kona, ncha moja hukosa kubebwa na hewa, ndege hubiruka na kuanguka kabla mkono mgeni haujafahamu kilichotokea. Na magurudumu yake yamekaribiana, hivyo hata ikitua salama huweza kuangukia bawa.

Ushauri wake ulikuwa wa hatua mbili. Kwanza, ndege ya bawa la juu, ya povu gumu, yenye upana wa kama mita moja kutoka ncha hadi ncha, ambayo ikivunjika huungwa kwa gundi. Kabla yake, saa nyingi za mchezo wa kompyuta wa kujifunzia urubani, kwani huko kuanguka hakugharimu kitu. Pili, baada ya mkono kuzoea, ndege ya jeshi, lakini miongoni mwa zile ambazo majeshi yenyewe yalizitumia kufundishia marubani. Hizo zina bawa pana na tabia ya upole zaidi. Alitaja tatu: T-28 ya Kimarekani, ambayo ina gurudumu la mbele na ndiyo rahisi kuliko zote ardhini, Harvard, na Chipmunk.

Mwanangu akachagua Harvard ya rangi ya manjano. Jioni moja alikuwa akimwonyesha picha yake jirani yetu wa ghorofa ya chini, bibi aliyezaliwa Nyeri, ambaye watoto wote wa jengo letu humwita Shosho. Aliitazama simu kwa muda.

"Hiyo, mjukuu wangu, tuliijua kwa sauti kabla ya kuiona," akasema. Kisha akanyamaza, akamrudishia simu.

Tulisoma tukajua. Kuanzia mwaka 1953 jeshi la Waingereza lilizifunga mabomu ndege za mafunzo za Harvard na kuzituma juu ya misitu ya Nyandarua, ambako wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Ndege kubwa zaidi, za Lincoln, ziliruka kutoka Eastleigh hii hii. Shosho alikuwa binti mdogo ukingoni mwa msitu huo.

Kijana akasema basi achukue T-28. Tukaitafuta nayo. Mwaka 1964 ndege hizo zilitumika mashariki mwa Kongo dhidi ya waasi wa Simba, zikirushwa na Wakuba waliokimbia nchi yao na kuajiriwa na shirika la ujasusi la Marekani. Mama anayetushonea nguo mtaani anatoka huko.

Jirani ana haki juu yetu, na haki hiyo haikomei kwenye sahani ya futari. Sikumwambia mwanangu achague nini. Nilimwambia tu kwamba ndege yake itashuka ngazi ikipita mlangoni mwa Shosho. Siku ya tatu alinijia na jina la Chipmunk. Ina bawa chini na sura ya kijeshi aipendayo, na ni ndege ambayo jeshi la anga la Kenya, lililoundwa tarehe 1 Juni 1964, lilianza nayo kufundisha marubani wake. Ina kigurudumu cha mkiani, kwa hiyo kuipaisha kunataka uangalifu zaidi kuliko T-28. Alikubali gharama hiyo mwenyewe.

Kwa mama atakayeombwa kama nilivyoombwa, yako mawili ya kuzingatia nyumbani. Betri za ndege hizi ni za lithiamu na huweza kuwaka moto. Chajia ndani ya chungu cha udongo juu ya sakafu, mbali na pazia na godoro, kwa chaja yake maalumu, na mtu akiwa macho. Betri iliyovimba isichajiwe tena. La pili ni mahali. Eastlands yote imekaa baina ya viwanja vya ndege, nyaya za umeme na watoto wachezao. Tangu mwaka 2020 Kenya ina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani. Uliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kurusha, kisha tafuta shamba wazi nje ya mji, kwa idhini ya mwenyewe.

Mtoto akiomba kifaa chenye sura ya vita, kumkatalia kwa ukali humfundisha kuficha, na kumpa bila maneno humfundisha kuwa silaha ni pambo. Mwanangu sasa anajua bawa hubebwaje na hewa, na anajua ni nani waliokuwa chini ya mabawa hayo. Ndege ya kujifunzia tumenunua. Chipmunk itasubiri hadi atue salama mara 20 mfululizo, nasi hadi Ijumaa iliyopita tulikuwa tumefika 11.