Mkono wa Dada na Mashine ya Upepo

Nawaeleza wasomaji jambo lililotupata nyumbani, kwa maana najua si sisi peke yetu, na huenda wako wengine ambao hivi sasa wanahesabu fedha kama tulivyohesabu sisi.

Dada yangu mkubwa alipasuliwa titi la kushoto mwaka 2021 kwa ajili ya saratani. Pamoja na titi, madaktari walitoa tezi za kwapani. Akapona, akarudi shambani, tukashukuru. Mwaka uliofuata mkono wa upande ule ukaanza kujaa. Kwanza pete ya ndoa ikamkaza hata ikabidi ikatwe. Kisha mkono wa gauni haukupita tena. Mwisho akawa analima kwa mkono mmoja. Majirani wakasema ni matende. Wengine wakasema mengine, mnayajua wenyewe.

Hayakuwa matende. Matende huletwa na minyoo midogo sana inayoingizwa mwilini na mbu, na ndiyo sababu watu hupewa vidonge vya kuikinga, kazi ambayo katika Tanzania ilianzia kisiwani Mafia mwaka 2000. Lakini njia inayoharibika ni ileile. Damu ina moyo wa kuisukuma. Yako maji mengine yanayochujika kutoka katika mishipa ya damu na kuenea katika nyama, nayo hukusanywa na mishipa myembamba, yakapita katika tezi, yakarudi katika damu. Maji hayo huitwa limfu. Hayana moyo wa kuyasukuma. Husogezwa na kujikunja kwa mishipa yake, na misuli tunapofanya kazi, na hata pumzi tunazovuta. Na ndani ya mishipa mna vilango vinavyofunguka upande mmoja tu ili yasirudi nyuma. Tezi za kwapani zikitolewa, ni kama daraja limevunjwa: wengine hupata njia ya kuzunguka, wengine hukwama ng'ambo.

Hayo yote sikuyajua wakati ule. Ila katika nyumba yetu mimi ndimi niliyepita chuo cha ualimu, na sasa ni karani wa parokia, basi kila karatasi yenye maandishi huletwa kwangu. Shemeji akaleta moja kutoka mjini, ina picha ya mwanamke amelala, mkono wake umo ndani ya mfuko mnene wenye mipira, naye anacheka. Imeandikwa kwamba mashine hiyo huondoa uvimbe wote. Nikaisoma mara mbili, nikaiamini. Bei yake ilizidi bei ya mtamba wetu. Tukakubaliana tuuze mtamba, tukope kilichopungua; lakini kwanza dada akaijaribu mara moja katika chumba cha mtu mmoja huko mjini, kwa malipo.

Asubuhi ya safari dada akaniambia, "Mdogo wangu, leo mkono una moto." Nikamjibu, "Ndiyo sababu tunakwenda." Neno hilo nalikumbuka kila siku. Mwenye chumba hakuuliza habari ya moto wala ya homa, aliuliza fedha. Akamvika mfuko, akawasha. Usiku ule dada alitetemeka hata kitanda kikalia, na kulipokucha mkono ulikuwa mwekundu mpaka begani. Alilazwa siku sita akichomwa dawa za kuua vijidudu. Daktari aliponiuliza nani alimpeleka kwenye mashine na mkono katika hali ile, nilisema ni mimi.

Kumbe hospitalini pale nao walikuwa na mashine kama ile! Nilipoiona nilikasirika, nikadhani tunachezewa. Binti mmoja mtaalamu wa viungo akaniketisha akanieleza, naye alieleza vizuri kuliko wakufunzi wangu wengi. Akaniuliza kama najua kukamua. Mkamuaji hubana kwanza juu ya chuchu kwa kidole gumba na cha shahada, kisha vidole vingine vikafuata kwenda chini, ili maziwa yasirudi juu. Mashine hufanya vivyo hivyo, ila kwa kuelekea juu. Mfuko wake umegawanyika vyumba. Cha vidoleni hujaa upepo kwanza, kisha cha kiganja, kisha cha kigasha, hivyo hivyo mpaka juu, halafu vyote hulegea, ikaanza tena, kwa muda wa nusu saa hata saa nzima. Kipimo chake mara nyingi ni milimita 30 hadi 60 za zebaki, hesabu ileile inayotumika kupima presha ya damu. Si mchezo. Mtu mwenye vijidudu mkononi, au damu iliyoganda katika mshipa, au moyo uliochoka, havikwi.

"Tena maji huondoka," akasema, "lakini hurudi." Usipoufunga mkono kwa bandeji au soksi yake ya kubana mara tu baada ya mashine, umekamua na kumwaga chini.

Akamfundisha dada kukandwa. Nilitazamia nguvu, maana huku kwetu kukanda bila mgonjwa kupiga kelele si kukanda. Lakini alikuwa akiivuta ngozi polepole tu, kwa sababu mishipa ile iko karibu chini ya ngozi, na ukikandamiza sana unaifunga. Utaratibu huo ulianzishwa na Emil Vodder, mtu wa Denmark, aliyefanya kazi na mkewe Estrid mjini Cannes, Ufaransa. Mwaka 1932 walithubutu kukanda tezi za shingo zilizovimba za watu wenye mafua yasiyokwisha, jambo ambalo wengine waliliogopa. Mwaka 1936 akaionyesha kazi yake Paris.

Mtamba hatukuuuza. Tulinunua bandeji za kubana, na sabuni. Kila jioni dada huosha mkono, huukausha hata katikati ya vidole, hupaka mafuta ili ngozi isipasuke vijidudu wakapata mlango, hukunja na kukunjua kiganja huku ameuinua, kisha binti yake humfunga kuanzia vidoleni, akikaza zaidi chini na kulegeza kadiri anavyopanda. Shambani huvaa glavu. Siku ukiwa na moto hatungojei kesho, twaenda zahanati.

Kila Jumapili mimi huupima kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 10 juu ya kifundo cha mkono, nikaandika nyuma ya daftari langu. Mwanzo ulikuwa sentimita 31. Wiki iliyopita ulikuwa 27 na nusu. Wa kulia ni 24. Dada hutazama ninavyoandika, kisha huniuliza kama nimeandika na siku ile ya mjini. Nimeiandika, ndiyo ya kwanza juu ya ukurasa.