Waigizaji Wawili na Tuzo ya Tony ya 1975

Tuzo ya Tony hutolewa kila mwaka jijini New York kwa kazi zilizoonyeshwa katika kumbi za Broadway. Ilianza 1947, ikapewa jina la Antoinette Perry, mwigizaji na mwelekezi aliyefariki 1946. Nishani yake ina barakoa za futuhi na tanzia upande mmoja, na hapo awali ilikuwa na sura ya bibi huyo upande wa pili. Ni tuzo ya watu ambao uigizaji ndio kazi yao, na neno hilo 'kazi' ndilo linaloifanya sherehe ya 1975 istahili kuzingatiwa na mhakiki.

Mwaka huo tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamthilia walipewa watu wawili kwa pamoja: John Kani na Winston Ntshona, Waafrika kutoka Port Elizabeth, Afrika Kusini. Walikuwa wameigiza Sizwe Banzi Is Dead na The Island, tamthilia walizozibuni pamoja na Athol Fugard. Kwao, sheria za ubaguzi hazikumtambua Mwafrika aliyejiita mwigizaji. Ili waweze kufanya kazi na Fugard, iliwabidi waandikishwe kuwa watumishi wa nyumbani kwake. Broadway iliwatuza kwa kazi ambayo kitabu cha pasi, ndugu wa kipande alichovishwa Mwafrika wa Kenya enzi ya ukoloni, hakikuwa na nafasi ya kuiandika.

Ajabu ni kwamba kitabu hicho hicho ndicho kiini cha Sizwe Banzi Is Dead. Sizwe hana ruhusa ya kukaa Port Elizabeth. Usiku mmoja yeye na Buntu wanakumbana na maiti ya mtu mwenye pasi halali, na Buntu anamshawishi achukue jina la marehemu ili apate kazi na alishe familia yake. Sizwe anasita. Ataishije akiwa mtu mwingine? Ntshona, aliyeigiza swali hilo, alikuwa mwenyewe ameazima jina la kazi isiyo yake. Hapa mpaka kati ya mhusika na mwigizaji unakuwa mwembamba mno, na katika The Island unakaribia kutoweka: wafungwa wawili wanaofanya mazoezi ya Antigone kisiwani wanaitwa John na Winston.

Kwa sababu hiyo uamuzi wa kuwatuza pamoja ulikuwa wa busara. Nani angethubutu kuwapima mmoja mmoja, ilhali kila neno la mmoja linaegemea kimya cha mwenzake? Hata hivyo busara hiyo iliishia njiani. Tuzo ya tamthilia bora ilikwenda kwa Equus ya Peter Shaffer. Equus ni kazi nzito, na ushindi wake si wa kulaumiwa. Lakini vitengo vya tuzo humtenga anayetunga na anayeigiza, ilhali tamthilia hizi mbili zilitungwa kwa kuigizwa. Sehemu kubwa ya matini ilizaliwa katika mazoezi, kutokana na miili na kumbukumbu za Kani na Ntshona. Kuwasifu kwa uigizaji pekee ni kuwalipa nusu ya ujira wao. Hata wahakiki, ambao hawana vitengo vya kuwafunga, wamezoea kuziita tamthilia za Fugard na kuyaacha majina ya wenzake wawili yabaki kwenye ukurasa wa mwanzo wa kitabu.

Mnamo 1976 wawili hao walirudi na Sizwe Banzi Is Dead nyumbani, wakaionyesha Transkei. Nishani haikuwakinga: walikamatwa na kuwekwa kizuizini, wakaachiliwa baada ya wasanii wa ng'ambo kupaza sauti. Safari hiyo dola haikuwachukua kama watumishi wa nyumba ya mtu. Iliwakamata kwa kuigiza.