Mikono Yenye Mafuta

Mimi ni mwalimu wa elimu ya watu wazima hapa Pemba. Hutembelea madarasa ya vijijini. Nimeona mambo mengi yanayomzuia mtu kusoma. Wengine huzuiwa na shamba, wengine na mtoto mgonjwa. Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Micheweni, nilimwona mama aliyezuiwa na mafuta.

Mama huyo ni msusi. Wanawake humjia kusukwa nywele, hasa ikikaribia harusi au Sikukuu. Huwapaka mafuta ya nazi, na pengine mafuta mazito ya kopo. Akimaliza, alikuwa akinawa kwa maji matupu, kisha huja darasani. Penseli ilimteleza. Daftari lake lilijaa alama za vidole, na kalamu haikuandika juu ya alama hizo. Wenzake walicheka. Juma lililofuata hakuja.

Nilikwenda kwake. Akaniambia, "Mwalimu, mikono hii si ya kushika daftari."

Nikamjibu, "Mama, mikono inayosuka mistari iliyonyooka ndiyo itakayoandika vizuri. Tatizo ni mafuta, na mafuta yana dawa."

Tukanawa pamoja pale uani. Somo lililofuata alikuja.

Ndugu msomaji, maji na mafuta hayapatani. Ukimwagia maji mkono wenye mafuta, maji huteleza kama juu ya jani la jimbi. Sabuni ni kama mshenga. Upande wake mmoja hushika mafuta, upande wa pili hushika maji. Hivyo maji huyachukua mafuta na kwenda nayo.

Fanya hivi:

Kwanza, usianze na maji. Futa mikono kwa kitambaa kikavu. Mafuta mengi yatatoka hapo.

Pili, paka sabuni na maji kidogo tu. Sugua viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha.

Tatu, suuza kwa maji mengi. Kama bado mikono inateleza, rudia.

Upande wa mashariki wa kisiwa chetu kuna mawe mengi ya matumbawe. Maji ya visima vya huko yana chokaa. Sabuni ya mche haitoi povu jingi, bali hufanya utando mweupe. Kama una maji ya mvua, weka kata moja ya kunawia.

Sabuni ikikosekana, tumia jivu la kuni na maji kidogo. Jivu likisuguliwa pamoja na mafuta ya nazi hufanya kitu kama sabuni. Suuza upesi, na usitumie jivu kama una jeraha.

Mafuta mazito ya kopo ni mengine. Mengi hutokana na mafuta yanayochimbwa ardhini, na jivu haliyageuzi kuwa sabuni. Yalainishe kwanza kwa tone la mafuta ya nazi. Yafute kwa kitambaa, kisha nawa kwa sabuni.

Wengine hunawa kwa mafuta ya taa. Usifanye hivyo. Mafuta ya taa huharibu ngozi, na ukikaribia kibatari au jiko unaweza kuungua.

Sasa kila darasa ninalotembelea naliomba liweke ndoo ya maji, sabuni na kitambaa mlangoni. Anayetoka kusuka nywele, kutengeneza baiskeli au kukaanga samaki, na anawe, kisha aingie. Hakuna kazi ya halali inayomfanya mtu asistahili kushika daftari. Kumcheka mwenzako hakuondoi mafuta mikononi mwake. Humwondoa yeye darasani.

Maswali

1. Kwa nini maji matupu hayaondoi mafuta?
2. Kwa nini sabuni imefananishwa na mshenga?
3. Darasa lenu linaweza kufanya nini ili kila mtu aingie na mikono safi?