Kopo Moja na Nusu

Mimi ni mmoja wa wazazi walioinua mkono ili saa ya michezo ifutwe. Naanza na hilo nisije nikajificha nyuma ya maneno mazuri.

Hapa Nyarugusu, mkoani Kigoma, watoto wetu wa Kongo wanasomeshwa masomo ya kwetu, kwa Kifaransa, ili siku ya kurudi wasianze upya. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Kuna waliozaliwa humu na sasa wanazaa humu. Kwa hiyo mzazi akikwambia cheti ndiyo shamba pekee atakalomwachia mwanawe, usimcheke.

Baada ya masomo, mama mmoja jirani alikuwa akikusanya watoto chini ya mti: udongo wa kufinyanga, waya wa kutengenezea magari, maboksi, michezo ya kuigiza. Katika kikao, mzee mmoja akasimama: "Batoto bakuje kusoma, hapana kuchafuka na matope!" Nikapiga makofi. Kijana wangu wa miaka 11 alikuwa amepata 3 kwa 10 katika hesabu za kugawanya. Tukaamua saa ile iwe ya masomo ya ziada.

Wiki ya tatu nikasikia mwanangu haonekani kwenye hayo masomo. Nikachuma fimbo, nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya yule mama, yeye na wenzake, wamekaa kwenye mchanga. Nikasimama kwenye migomba, nione kwanza.

Walikuwa wanacheza mgao. Vifuniko vya soda ndiyo kadi. Mchanga ndiyo unga. Msichana mmoja amejifunga mdoli wa matambara mgongoni, mwingine anakohoa kama bibi. Mwanangu ndiye mgawaji. Anachota, anapitisha kijiti juu ya kopo kusawazisha, anamwaga. Mara mchanga ukaisha, na bibi hajapata kitu.

Hapo nilitegemea ugomvi. Ukaja kweli, kelele tupu. Halafu mtoto mmoja akasema, "Turudishe yote, tuanze tena." Wakarudisha. Wakapima: makopo 30. Wakahesabu watu wa familia zote, pamoja na mdoli: 20. Mwanangu akakwaruza chini kwa kidole, akafuta, akakwaruza tena.

"Kila mutu kopo moja na nusu," akasema. "Beye bako sita, tunabapa tisa."

Nilihesabu kichwani. Ilikuwa sawa.

Fimbo ikanilegea mkononi, lakini si kwa sababu ya hesabu peke yake. Ni lile neno "tuanze tena." Kwenye mstari wa kweli, mimi na mwanangu hatuamui kitu. Tunasimama, tunaitwa, tunapewa, tunabeba. Mtoto aliyekulia humo angejulia wapi kwamba kanuni inaweza kubadilishwa na watu waliokaa chini wakasikilizana? Mimi sikumfundisha. Nilikuwa nimeshasahau.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Zamani niliona hayo ni maneno ya watu walioshiba. Sasa naona ni haki ya kujaribu dunia nyingine kwa mchanga, kabla hujaambiwa haiwezekani.

Katika kikao kilichofuata nilisimama nikasema nilikosea. Wengine waliguna. Yule mzee aliniuliza kama michezo italipa karo. Sikuwa na jibu la kumtosha, nikamsimulia tu habari ya bibi na kopo. Tumerudishiwa siku mbili kwa wiki.

Ile siku lakini, mwanangu aliniona kwenye migomba. Akatazama fimbo, akatazama uso wangu.

"Papa," akasema, "kama unakuya, panga mustari."

Nikaiweka fimbo chini, nikasimama nyuma ya bibi.